Mhasibu wa Miaka Mitano

Kijiwe chenyewe si kikubwa. Ni benchi moja refu na vigoda viwili mbele ya kibanda cha fundi simu, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Shangazi, ambaye hakuna anayejua ni shangazi wa nani hasa, huweka jiko lake la mkaa pembeni, birika juu, vikombe vidogo ndani ya beseni la maji, na kuanzia hapo watu hukaa wakatatua matatizo ya dunia bila kutumwa na mtu. Fundi simu ni Waya, kijana mwembamba anayeongea huku jicho moja limeng'ang'ania lenzi. Bila Breki ni dereva wa lori aliyestaafu, na jina hilo hakulipata barabarani, alilipata kwa mdomo wake. Halafu yupo Sponji, fundi makochi, ambaye karakana yake ni nyumba ya tatu kutoka hapo. Jumamosi hiyo Sponji alichelewa, na alipofika alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili na miezi miwili: aliagizia watu wote kahawa.

— Shangazi, mimina tatu. Na ya kwako ya nne. Nalipa mimi.

Bila Breki akageuka na mwili mzima.

— Unaumwa?

— Siumwi.

— Umeokota?

— Sijaokota. Nimemaliza.

— Umemaliza nini?

— Deni. Jana saa tisa alasiri.

Akampa Waya simu asome. Waya akaondoa lenzi jichoni, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

— "Mpendwa mteja. Umekamilisha malipo yako yote. Salio la mkopo wako ni sifuri. Sasa unastahili kukopa mara mbili ya kiasi cha awali." Duh! Hawa watu hawana haya!

— Nifutie hapo hapo, akasema Sponji.

Deni hilo kijiwe kilikuwa kinalijua vizuri, maana kila mtu pale alishawahi kupigiwa simu juu yake. Lilianza na viti sitini. Alikuja bwana mmoja mwenye suti na tumbo, akasema anafungua ukumbi wa sherehe, anataka viti sitini vya sponji nene na kitambaa cha rangi ya zambarau. Akatoa malipo kidogo ya kuanzia. Sponji akakopa kwenye kampuni ya mikopo akanunua mbao, sponji, kitambaa na katoni nzima za pini, akaajiri vibarua wawili, wakashona na kupiga pini wiki tano. Viti vikapakiwa kwenye gari, na bwana yule akaahidi kulipa Ijumaa. Ijumaa ilipofika ukumbi ulikuwa na kufuli, na ndani, Sponji alipochungulia dirishani, hapakuwa na kiti hata kimoja.

Hilo lingemtokea mtu yeyote. Lililofuata ndilo alilojifanyia mwenyewe. Hakumwambia mkewe. Akachukua mkopo wa simu alipie riba ya kampuni, akachukua mwingine alipie ule wa simu, ikafika mahali ana mikopo saba, na kila ukimlipa mmoja sita wanang'aka. Mkewe ni mshonaji katika karakana ya sare za shule. Habari alizipata siku moja akiwa kazini, simu imewekwa kwenye spika kwa kuwa mikono yote ilikuwa kwenye kitambaa, na mwanamume asiyemjua akamuuliza mbele ya washonaji kumi na moja: "Wewe ndiye mke wa yule tapeli?"

Jioni ile hakupiga kelele. Sponji mpaka leo anatamani angepiga. Alikuja na bahasha za kaki nane, akazigongomea ukutani juu ya kitanda kwa nyundo ya mumewe mwenyewe, akaandika kila moja jina lake: kodi, chakula, mkaa, nauli, dawa, chekechea, dharura. Ya nane, kubwa kuliko zote, akaandika DENI. Akamwambia, "Kuanzia leo hela ikiingia humu ndani inapita kwangu kwanza. Na wewe ukinificha kitu tena, nakuachia bahasha zako naenda kwa mama."

Basi wakajifunga. Wakatoka vyumba viwili wakahamia kimoja. Televisheni ikauzwa, kabati likauzwa. Kazini wakawa wanakwenda kwa miguu. Mche wa sabuni unakatwa vipande vinne na kila kipande kina wiki yake. Nyama mara moja kwa mwezi, mwisho wa mwezi, na mwezi ukiwa mbaya haifiki. Kahawa ikafutwa. Sponji akawa anakuja kijiweni na kikombe chake cha maji, na Shangazi akitaka kumpa bure anakataa, anasema hajui ataiandika bahasha gani.

— Haya, akasema Bila Breki akivuta kikombe. Sasa tuambiane ukweli, deni limekwisha. Ulifanyaje? Usiniletee habari za bahasha. Mimi nimeendesha lori miaka thelathini, nimekuwa na bahasha, sijawahi kumaliza hata deni la matairi.

— Ni bahasha hizo hizo.

— Acha hizo! Wewe umekuta kitu ndani ya kochi.

— Kitu gani?

— Kuna kochi uliletewa mwaka jana, la marehemu yule mwenye maduka ya vyuma. Nililiona kwa macho yangu. Ulilifungua mwenyewe, mlango umefunga.

— Nilifunga mlango kwa sababu ya kunguni!

— Kunguni, au pesa? Matajiri wa zamani hawakuamini benki. Walikalia mali yao. Wewe umechana kitambaa, zikamwagika.

— Yalimwagika maganda ya karanga na kalamu mbili.

Waya akatikisa kichwa kama daktari anayesikiliza mgonjwa muongo.

— Nyie hamjui mambo ya mitandao. Iko hivi. Deni la simu halikai kwenye karatasi, linakaa hewani. Minara miwili ikigongana mawimbi, mafaili yanachanganyika. Deni la Sponji saa hizi lipo kwa mtu mwingine kabisa, mtu hana habari, anakula zake wali.

— Nimelipa kila senti, Waya.

— Umelipa, sawa, lakini umelipa la nani?

Bila Breki akacheka mpaka akakohoa. Sponji naye akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa. Shangazi, aliyekuwa anasuuza vikombe huku amewapa mgongo, akasema bila kugeuka:

— Ni mkewe. Nyie endeleeni na minara yenu. Yule mwanamke nimemwona anapita hapa kwa miguu saa kumi na mbili unusu kila asubuhi, mvua na jua, viatu mkononi ili soli zisiishe. Ukimaliza deni na mwanamke kama yule huhitaji kuchana kochi la mtu.

— Na Mhasibu je? Usimsahau Mhasibu! akadakia Waya.

Wote wakacheka, maana Mhasibu ni binti yake Sponji. Deni lilipoanza alikuwa na miaka mitatu, sasa ana mitano na ushee. Jina hilo alipewa hapo hapo kijiweni. Siku moja Sponji alipita naye, na kwa kuwa moyo ulikuwa umechoka, akanyoosha mkono kwa Shangazi kuomba kikombe kimoja tu. Mtoto akamvuta shati akasema, kwa sauti iliyosikika mpaka ng'ambo: "Baba, kahawa haina bahasha." Kijiwe kilivunjika mbavu. Bila Breki alirudia maneno hayo wiki nzima kwa kila aliyepita. Na Sponji alitembea amevimba kifua. Alikuwa anawaambia wateja: wangu mimi haombi pipi, haombi mwanasesere, haombi chochote, ukimpitisha dukani anapita kama mtu mzima.

Alikumbuka kifua kile sasa hivi, akashusha kikombe kabla hakijafika mdomoni.

— Mbona sasa hujafurahi? akauliza Shangazi, ambaye hatimaye aligeuka. Mtu amemaliza deni, uso kama ametoka mazikoni.

— Nimefurahi.

— Hujafurahi. Nina macho.

Sponji akazungusha kikombe kwenye viganja.

— Jana, ujumbe ulipoingia, nilifunga karakana. Nikaenda kumchukua mtoto chekechea. Nikamwambia leo twende dukani, lile kubwa la kona, uchague kitu chochote unachotaka. Chochote. Nilikuwa nimetenga hela, mama yake anajua. Nikamwachia mkono aende mwenyewe.

— Akachagua pikipiki! akasema Bila Breki.

— Akazunguka. Nikamwona anapita kwenye wanasesere hakugeuza shingo. Akapita kwenye biskuti. Akapita kwenye mipira. Akazunguka duka zima, halafu akarudi na mche wa sabuni.

— Sabuni ya kuogea, ile ya kunukia?

— Sabuni ya kufulia. Ule wa bei ya chini. Ananiambia, "Baba, ya nyumbani imekuwa nyembamba."

Kisha Bila Breki akajipiga paja, Waya akaangusha bisibisi, wakacheka mpaka mtu wa baiskeli akasimama kuangalia kulikoni.

— Huyo mpelekeni Wizara ya Fedha leo leo! akasema Bila Breki huku anafuta machozi. Nchi itapona!

— Wizara watamharibu, akasema Waya. Benki kuu. Akae pale mlangoni, kila anayetaka kutoa hela amuulize: bahasha gani?

— Nawaambia huyo si mtoto, akasema Bila Breki. Huyo ni babu yenu amerudi. Sponji, kwenu hakukuwa na babu karani?

— Babu yangu alikuwa mpishi wa shule.

— Ndiyo hivyo! Mpishi wa shule! Watoto mia tatu, gunia moja la maharage. Amerudi na hesabu zake zote kichwani.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amefika kibandani na simu iliyopasuka kioo. Hakuwa mtu wa mtaa ule. Alivaa vazi la kijani la wafanyakazi wa usafi wa hospitali na alikuwa na macho ya mtu aliyetoka zamu. Waya akaipokea simu, akampa bei, akamwambia asubiri nusu saa. Mwanamke akavuta kigoda, akakaa, akaomba kahawa. Mabishano yakaendelea juu ya kichwa chake kama vile yeye ni nguzo ya umeme.

— Dawa yake ni ndogo, Waya akawa anasema. Mtoto huyu mashine yake imeganda kwenye hali ya kubana matumizi. Inatakiwa kuzimwa na kuwashwa upya. Mpelekeni kwa watu wanaotapanya. Mwezi mmoja.

— Atawafilisi kwa aibu, akasema Bila Breki. Sikiliza mimi. Mfungie chumbani na vitu vya kuchezea mia moja. Usimfungulie mpaka avunje kimoja.

— Atavipanga kwa ukubwa na kukuandikia risiti.

— Basi mwage hela njiani! Kila asubuhi anapokwenda shule, unatangulia, unamwaga sarafu. Anaokota, anajua hela zinaota. Baada ya wiki anaomba helikopta.

— Ataziokota na kuzipeleka polisi.

— Polisi watazila, mtoto atajifunza maisha!

Walicheka tena. Sponji hakucheka. Alikuwa anaangalia chini, pale maji ya beseni yanapochora mfereji mwembamba kwenye vumbi, na ilikuwa wazi kwamba kuna kitu anakitafuna na hakimezeki.

— Sijamaliza, akasema.

— Haya malizia, bwana. Ukaichukua sabuni?

— Nikamwambia, mama, hiyo ni ya nyumbani. Hiyo baba atanunua. Wewe chagua ya kwako, ya kwako peke yako. Akaniangalia. Akaniambia, "Halafu watakuja kukuchukua?"

— Nani aje kukuchukua? akauliza Shangazi.

Maneno yale, mtoto alipoyasema katikati ya duka, hata yeye hakuyatambua kwanza. Alidhani ni mambo ya shuleni, au ndoto. Alikuwa ameshalipia sabuni, wameshatoka nje, wamefika kwenye daraja la mtaro, ndipo yalipomrudia, akakaa kwenye ukuta wa daraja mtoto amemshika bega.

— Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu, akasema. Hata mama yake.

Bila Breki alifungua mdomo, Shangazi akamkata kwa jicho.

— Mwaka ule wa kwanza, wakati wa mvua. Mtoto alikuwa hajatimiza hata miaka minne. Asubuhi hiyo walikuwa wamenipigia simu, hawa wa mikopo, wakanitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa na Shangazi yupo. Nikatoka na mtoto. Tukapita duka la viatu. Dirishani kuna mabuti ya mvua ya watoto, ya njano, kwenye ncha yamechorwa macho ya chura. Akasimama. Hakulia, hakugaragara. Aliniomba kistaarabu tu. "Baba, naomba yale." Tena akaniambia, "Hata kesho."

Akaweka kikombe chini.

— Ningemwambia hatuna hela, angenielewa. Mtoto unamwambia hatuna, analia kidogo, anasahau. Mimi nikachuchumaa pale kwenye tope nikamshika mabega. Nikamwambia: unaziona zile bahasha ukutani? Kila ukiomba kitu, unatoa hela kwenye ile kubwa. Ile kubwa isipojaa, watakuja watu kumchukua baba. Unataka baba achukuliwe?

Shangazi aliacha mkono wake juu ya mfuniko wa birika, na birika lilikuwa la moto.

— Akatikisa kichwa. Akanishika mkono tukaenda. Na hakuomba tena. Siku hiyo, wiki hiyo, mwaka ule. Na nyie mnajua nilijisikiaje? Nilijisikia raha. Nilijiona nimepata dawa. Nikamwambia mama yake, mtoto ameelewa hali yetu. Akafurahi, akasema ana akili. Nikaja hapa nikawasimulia mkacheka, na mimi nikacheka. Kila alipokataa kitu tulimpigia makofi. Miaka miwili, mtoto anapigiwa makofi kwa kuogopa.

— Hukujua, Sponji, akasema Waya polepole.

— Nilijua wakati namwambia. Nilisahau baadaye. Nilipata pa kusahaulia, nyie mlinisaidia.

Bila Breki akavua kofia, akaikagua ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

— Mimi nilimwita Mhasibu, akasema. Jina nilimpa mimi.

— Sikulaumu, mzee wangu.

— Hunilaumu, lakini nililitoa mimi.

— Usiku... hapana, si usiku tu, akaendelea Sponji. Mama yake aliniambia zamani kwamba mtoto ana tabia ya kusimama kwenye kitanda na kuigusa ile bahasha ya nane. Anaibonyeza. Tulidhani anacheza. Kumbe alikuwa anaangalia kama imejaa.

Kisha, kwa kuwa kijiwe hakivumilii ukimya, wakaanza tena, ila sasa kwa sauti za chini na bila mbwembwe.

— Mnunulie yale mabuti, akasema Bila Breki. Leo leo. Mimi nachangia.

— Nilikwenda leo asubuhi, ndiyo maana nimechelewa. Duka lile sasa wanauza vifaa vya bafu. Na hata yangekuwepo, mzee, miguu imekua. Yale yalikuwa ya mtoto wa miaka minne.

— Basi kitu kingine. Mwanasesere. Hakuna mtoto wa kike asiyependa mwanasesere, akasema Waya.

— Jana alipita kwenye wanasesere hakugeuza shingo, umesahau?

— Baiskeli ndogo, basi. Ya magurudumu matatu.

— Ana miaka mitano na nusu, magurudumu matatu ya nini?

— Keki! akasema Bila Breki. Keki yenye jina lake.

— Lipi? Maana nyumbani siku hizi na sisi tunamwita Mhasibu.

— Zing'oeni zile bahasha ukutani, akasema Shangazi. Aone zinaondoka.

— Tumezing'oa jana jioni. Tulimwita aone. Akauliza tu, "Sasa hela tutaweka wapi?" Halafu akaziokota zote, akazikunja, akaziweka chini ya mto wake. Mama yake akatoka nje akaenda kulia kwenye kamba ya nguo.

Waya alirudi kwenye simu ya mwanamke yule, akabandika kioo kipya, akakikandamiza kwa vidole viwili. Akaiwasha. Ikawaka. Mwanamke akalipa, akaiweka mfukoni, akamalizia kahawa yake. Alikuwa hajasema neno tangu aombe ile kahawa. Aliposimama, badala ya kuondoka, akamgeukia Sponji.

— Samahani kaka, mimi mpita njia tu. Nimewasikia bila kukusudia.

— Hakuna shida, dada.

— Nilitaka kuuliza tu. Nimesikia viatu, mwanasesere, baiskeli, keki. Kwani yeye mwenyewe anapenda nini?

— Nani, mtoto?

— Mtoto.

Sponji akafungua mdomo ajibu, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi na yeye ni baba. Mtu huyu alikuwa anaijua bei ya sukari katika maduka manne, na ni lipi linalopunja mizani. Anajua mtungi wa maji unatosha siku ngapi, mche wa sabuni una vipande vingapi, hatua ngapi kutoka kwake hadi karakana ukikatiza nyuma ya kanisa.

— Anapenda... akasema.

Akakuna kidevu.

— Anapenda kuimba. Kuna wimbo alikuwa anauimba na mama yake, wa paka.

— Anauimba mpaka sasa?

— Siku hizi... hapana, ilikuwa kule kwenye vyumba viwili. Alikuwa mdogo. Anapenda maembe! Anapenda... hapana, maembe ni mimi. Alikuwa anapenda kuchora. Alichora ukuta mzima wa sebuleni, nikamgombeza kwa sababu mwenye nyumba angetukata hela ya rangi. Alikuwa anapenda sana kuchora.

— Alikuwa, akasema mwanamke, taratibu, bila ubaya wowote. Na sasa?

Sponji akamtazama Waya. Waya akatazama bisibisi yake. Akamtazama Bila Breki, ambaye amemwona mtoto yule karibu kila siku ya Mungu kwa miaka miwili. Mzee akavaa kofia, akaivua. Shangazi aliinamia mkaa akaupuliza, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

— Mimi sijui, akasema Sponji. Mama yake atajua.

Akatoa simu akapiga hapo hapo, wote wanasikiliza. Ikaita mara tano. Ilipopokelewa, zikasikika kwanza cherehani za karakana, nyingi kwa pamoja, kama mvua kwenye bati.

— Baba Mtoto? Kuna nini? Wamepiga tena?

— Hapana. Hakuna aliyepiga, usihofu. Nakuuliza kitu kidogo tu. Hivi mtoto anapenda nini?

— Anapenda nini kivipi?

— Kitu anachokipenda. Sasa hivi. Yeye.

— Wewe nawe, unaniuliza hilo katikati ya kazi? Si anapenda...

Cherehani moja, ile ya karibu zaidi, yake mwenyewe, ikapunguza mwendo, ikagonga mara mbili, ikasimama. Zile nyingine zikaendelea. Sponji akajua amekaa vipi mkewe: mguu juu ya pedali, mkono umebana ukosi wa shati la mtoto wa mtu mwingine, macho ukutani.

— Mke wangu, akaita.

— Nipo. Nafikiri.

— Mimi pia.

Mwanamke wa vazi la kijani akaweka kikombe kwenye beseni bila kupiga kelele, akainamisha kichwa kuaga, akashika njia yake. Sponji alibaki na simu sikioni, na kule upande wa pili mkewe naye akabaki nayo, na hakuna aliyekata.